Ulimi Chini ya Shuka la Kijani

Mama Tatu alishuka kwenye basi la Makumbusho saa kumi na moja jioni akaja moja kwa moja kwangu, hata kwake hakupita. Kwapani alikuwa na bahasha ya kaki ya hospitali. Nyuma yake binti yake, amejitanda kanga kuficha bega moja lililopanda. Hapa Kerege wananiita dokta. Mimi ni muuguzi wa usingizi mstaafu, niliyeacha kazi mwaka 2019 nikaja kulima mihogo na kufuga kuku, lakini nimechoka kusahihisha watu. Kila karatasi ya hospitali inayoingia mtaani kwetu hupita kwanza barazani kwangu.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba. Kaeni, chai ipo."

Chai hakuitaka. Akatoa fomu ya ridhaa, akaweka kidole kwenye mstari ambao daktari alikuwa ameuongeza kwa kalamu. "Hapa ndipo paliponitia homa. Wanampasua mgongo, sawa, nimekubali. Sasa mbona wanasema anaweza kuumia ulimi? Mgongo na ulimi wapi na wapi?"

Nimepitisha mikononi wanafunzi wengi wa usingizi na sikumbuki hata mmoja aliyeniuliza hivyo. Nikaenda ndani kuchukua miwani.

Tatu ana miaka kumi na minne. Mgongo wake ulianza kupinda akiwa darasa la sita, na wa kwanza kugundua alikuwa fundi cherehani: sketi ya shule aliyoikata sawasawa pande zote ilining'inia upande mmoja. Shangazi mtu akasema ni ndoo za maji. Si ndoo. Upindaji huu unaouchora mgongo kama herufi S huwapata zaidi wasichana wanapoanza kurefuka kwa kasi, na mara nyingi hata madaktari hawapati chanzo chake. Kipo kibiongo kingine, kile cha nundu, ambacho huletwa na kifua kikuu kinapokula mifupa ya mgongo. Daktari Percivall Pott wa London alikieleza mwaka 1779, na kwetu bado tunakiona. Cha Tatu ni hicho cha kwanza, na kilikuwa kimefika mahali ambapo mkanda wa kuvaa hausaidii tena.

Kwa sisi wa Pwani upasuaji kama huo uko Dar es Salaam, hasa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996. Nilipoanza kazi, mtoto kama Tatu alisubiri safari ya India, na asiye na wa kumpeleka India alikua hivyo hivyo na bega lake.

Nikawaeleza kazi inavyokwenda. Daktari hufungua nyama ya mgongo, huingiza skrubu kwenye pingili, kisha huzifunga kwa vyuma viwili virefu na kuvirekebisha taratibu mpaka mgongo unyooke. Katikati ya pingili hizo imepita kamba ya mishipa ya fahamu, nene kama kidole cha mwisho, laini kama muhogo ulioiva ukapitiliza. Ikivutwa kupita kiasi, au damu yake ikikatika, mgonjwa anaweza kuamka hana miguu. Mama Tatu aliposikia hilo alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi kwa jicho la kuniuliza kama nina akili, kusema hayo mbele ya mtoto. Lakini Tatu alikuwa ameshaambiwa na daktari. Yeye alitaka kujua watagunduaje.

Swali hilo lilitusumbua miaka mingi. Mtu yuko kwenye nusu kaputi, hasikii, hasogei. Utajuaje kama miguu bado ipo? Mwaka 1973 Pierre Stagnara na wenzake wa Lyon, Ufaransa, walitangaza njia isiyohitaji mashine yoyote: mwamshe katikati ya upasuaji, mwambie achezeshe miguu, kisha mlaze tena. Nimeifanya kwa mikono yangu. Unafanya naye mazoezi jana yake wodini ili aizoee sauti yako. Kesho yake, mgongo ukiwa wazi, unapunguza dawa, unachuchumaa chini ya meza kwa sababu amelala kifudifudi, unamwita kwa jina lake. "Minya mkono wangu." Akiminya, unashusha pumzi. "Sasa chezesha vidole vya miguu." Chumba kizima kinatazama nyayo. Wagonjwa wengi hawakumbuki hata chembe. Tatizo ni kwamba unapata jibu la dakika ile tu, na miguu inaweza kupotea nusu saa baadaye ukiwa umesharidhika.

Siku hizi, pale penye vifaa, umeme ndio unaouliza. Mwaka 1980 Merton na Morton, watafiti wawili wa London, walionyesha kwamba ukipitisha umeme kwenye ngozi ya kichwa, bila kufungua fuvu, misuli ya mwili inajibu. Kazi ya thieta ikajengwa juu ya hilo. Mtaalamu wa mashine anachomeka visindano vyembamba kichwani, kila upande wa utosi, na vingine kwenye misuli ya mapaja, mashavu ya miguu na nyayo. Akibonyeza, umeme unaamsha ubongo, ujumbe unashuka kwenye kamba ya mgongo, unatokea mguuni na kuchora kilima kidogo kwenye skrini. Kilima kikishuka ghafla, daktari anasimama, analegeza vyuma, anatafuta kosa kabla halijawa ulemavu. Umeme wenyewe ni wa mamia ya volti, na mara nyingine unaipita soketi ya ukutani yenye 230. Usiogope, kila pigo ni fupi mno, halifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na hupigwa machache mfululizo, kama matano.

"Haya, ulimi sasa," akasema Mama Tatu.

Nikamwambia Tatu aweke vidole kwenye panja zote mbili, kisha aume meno kwa nguvu. Wewe unayesoma, fanya na wewe. Unasikia nyama inavyotutumka chini ya vidole? Huo ni msuli wa kutafunia. Watu wanadhani unakaa shavuni tu, kumbe umetandaa ubavuni mwa kichwa, jirani kabisa na zile sindano. Umeme hauchagui. Umetumwa miguuni, lakini njiani unaugusa msuli ule na mishipa inayouendesha, na taya linafunga: kap! Kila daktari anapoulizia miguu, taya nalo linaitika. Katika upasuaji wa saa sita miguu huulizwa mara nyingi sana.

"Si wamlegeze?" Mama Tatu aliwahi kupasuliwa wakati wa kujifungua, akasikia habari za dawa ya kulegeza misuli.

Hapo ndipo fundo lilipo. Katika operesheni nyingi tunatoa dawa hiyo, na mgonjwa anatulia kama mtumbwi uliopandishwa ufukweni. Huyu ukimlegeza, taya halitauma, ila miguu nayo haitajibu na skrini itabaki bapa. Kwa hiyo tunamlegeza mwanzoni tu, kwa kuingiza mrija wa kupumulia, kisha tunaiacha dawa iishe. Hata usingizi wenyewe ni wa aina yake. Hewa za kuvutisha zinafifisha vile vilima, basi tunamlaza kwa dawa ya mshipani, nyeupe kama tui la kwanza, ikiingia tone kwa tone kutoka kwenye pampu. Analala fofofo, maumivu hayasikii, lakini misuli yake yote iko hai na meno yake yanafanya kazi.

Ongeza na mlalo. Yuko kifudifudi, uso kwenye mto wa sponji wenye tundu. Ulimi unateleza mbele kwa uzito wake, uso unavimba kidogo kidogo kwa saa nyingi za kuinamia chini. Juu ya yote yametandazwa mashuka ya kijani. Daktari wa upasuaji anatazama mgongo, mtaalamu wa mashine skrini, wa usingizi presha na oksijeni. Mdomo hauna mtu.

Nilijifunza hili vibaya. Hospitali siitaji wala mwaka, na mgonjwa simwelezi zaidi ya kusema kwamba alikuwa mvuvi wa makamo mwenye uvimbe karibu na kamba ya mgongo. Wataalamu wageni walikuja na mashine ndani ya masanduku mawili, nasi tuliizunguka kama watoto wanavyozunguka gari jipya. Mdomo ulikuwa kazi yangu. Nikaweka kile kidude cha plastiki ngumu kilichopinda, tunachokiweka kila siku kuzuia ulimi usizibe koo, nikaona nimemaliza. Tulipompindua alisogea, na kidude nacho kikasogea. Kikausukuma ulimi upande wa kushoto mpaka ukingo wake ukakaa juu ya magego. Sikuinama tena kuangalia. Kila walipobonyeza niliona mabega yakitikisika kidogo, nikafurahi kwamba mashine inafanya kazi.

Tulipomgeuza jioni, sponji ilikuwa imelowa damu. Ulimi ulikuwa umetoka nje, mweusi kwa damu iliyovilia, mnene kama wa ng'ombe buchani, hauingii ndani. Ubavuni palikuwa na mkato ambao daktari wa meno aliushona. Hatukuthubutu kuutoa mrija wa hewa usiku ule kwa kuogopa ulimi ungemziba. Siku ya pili akaamka, akanyanyua mguu wa kulia, akanyanyua wa kushoto, wageni wakapeana mikono. Akajaribu kusema, maneno hayakutoka. Kwa karibu wiki mbili alikunywa uji kwa mrija. Hakunilaumu, na laiti angenilaumu.

Baadaye nilisoma kwamba sikuwa peke yangu. Mwaka 2002 daktari David MacDonald wa hospitali ya King Faisal mjini Riyadh, Saudi Arabia, alikusanya habari za zaidi ya wagonjwa 15,000 waliopimwa kwa njia hii, akakuta 29 waliojiuma ulimi au mdomo na mmoja aliyevunjika taya. Mwaka 2012 wataalamu wa Marekani walipitia zaidi ya wagonjwa 17,000 wa kwao, wakapata karibu sita katika kila elfu wenye jeraha la kuumwa na meno, wengi wao ulimini. Waliohitaji kushonwa walikuwa wachache zaidi, kama mmoja katika elfu. Ni idadi ndogo. Tena hakuna anayesema mashine iachwe kwa ajili hiyo; ulimi ulioshonwa hupona, mguu uliokufa haurudi. Kinachoniudhi ni kwamba kinga yake haina gharama ya kuzungumzia.

Nikamtuma Tatu kabatini alete gozi, ile ya kufungia vidonda, na plasta. Tukatandika mkeka. Nikamwonyesha: kunja, kunja tena, kisha viringisha kwa kukaza mpaka upate kitu kinene kama dole gumba na kifupi kuliko dole gumba. Kiminye. Kiwe kigumu kiasi cha kuzuia meno yasikutane, na laini kiasi cha kuyapokea. Zungushia plasta isifumuke. Funga uzi mrefu kwenye ncha moja. Tengeneza viwili.

Kimoja kinakwenda kulia, kimoja kushoto, katikati ya magego ya juu na ya chini. Meno ya mbele hapana. Gego lina mizizi zaidi ya mmoja na limeumbwa kusaga. Jino la mbele lina mzizi mmoja, ukiliwekea kitu kigumu na taya likafunga kwa nguvu linavunjika au linang'oka, na jino lililong'oka chini ya shuka linaweza kuteremka mpaka kwenye pafu. Ulimi uulaze katikati, ncha yake ikae nyuma ya meno. Pitisha kidole kuhakikisha mdomo wa chini haukubanwa. Mrija wa hewa nao uuangalie, maana ukiumwa ukazibwa wakati mgonjwa anavuta pumzi, mapafu yanaweza kujaa maji. Nyuzi zitokeze nje, zibandikwe shavuni, na vipande vyote viwili viandikwe ubaoni pamoja na vitambaa vingine vinavyohesabiwa. Gozi iliyosahaulika kooni ni balaa kubwa kuliko ulimi uliokatika.

Wapo wanaodhani wingi ndio usalama. Mwanafunzi wangu mmoja alijaza mdomo wa mgonjwa gozi kama anayefunga gunia la mkaa. Ulimi ukakosa pa kukaa, ukabanwa saa nne, ukavimba bila kuumwa na jino lolote.

Halafu kuna lile nililolikosa mimi. Ukishampindua, inama tena. Washa tochi, tazama kutoka chini: ulimi uko wapi, gozi ziko wapi, mdomo umekaaje. Fanya hivyo kabla ya pigo la kwanza la umeme, na urudie kila upatapo nafasi. Mtaalamu wa mashine mzuri hutangaza kabla ya kubonyeza, na huanza na umeme mdogo akipanda taratibu. Wengine huzisogeza sindano karibu zaidi na utosi ili taya litikisike kidogo. Na wa usingizi anapoyaona mabega yakitikisika, auwaze mdomo.

Tatu aliweka gozi zake mwenyewe katikati ya magego, akauma, akajaribu kusema. Ikatoka sauti kama ya mbuzi. Tukacheka mpaka kuku wakakimbia.

Mama yake akakumbuka kijana wa jirani mwenye kifafa, ambaye kila akianguka watu wanakimbilia kijiko. "Kumbe na sisi tumsokomezee gozi?" Nikaruka kama nimekanyaga moto. La hasha! Thietani tunaweka mdomo ukiwa umelegea, kabla umeme haujaja, na mrija wa hewa uko kooni tayari. Mtu wa kifafa taya limeshakaza. Ukilazimisha kijiko utamvunja meno, utamziba pumzi, na utaondoka bila kidole. Mlaze ubavu, mwondolee vitu vya kumgonga, mngoje atulie. Nimelisema hili msibani, nimelisema kisimani, nimelisema kwenye kikao cha mtaa, na bado naviona vijiko.

Kisha nikamwambia Tatu afungue mdomo. Gego la chini kulia lilikuwa na tundu la kuingiza punje ya mchele. Mama yake akaona haya, akasema ni mambo ya pipi. Nikamwambia haya aziweke nyumbani. Mtu wa usingizi atakayekuja wodini lazima aambiwe kuhusu jino linalocheza, jino lililotoboka, lililozibwa, la kubandikwa, waya za kunyooshea meno, yote. Watu huficha. Niliwahi kumpata bibi mmoja aliyekataa kuvua meno ya bandia mpaka mumewe atoke wodini. Walikuwa wameoana zaidi ya miaka thelathini na mzee hajui. Nilimtoa mzee kwa kumtuma maji ya kunywa, meno yakaingia kwenye bakuli, na siri yake naitunza mpaka leo, ukiacha hapa.

Si kila kipimo cha namna hii kinagusa taya. Wanaopasuliwa rovu nao siku hizi mahali pengine hupimwa mshipa wa fahamu, ule wa sauti, lakini kule waya zimo kwenye mrija wa kooni na umeme ni mdogo, unagusa mshipa wenyewe shingoni. Taya halipigwi. Fundi wa usingizi anahangaika zaidi na mrija usijizungushe.

Giza lilikuwa limeingia. Nikamwambia Tatu: atakapokuja mtu wa usingizi, mwonyeshe lile gego, kisha umuulize kwa adabu, "Mdomoni mtaniwekea nini, na mkinipindua nani ataangalia?" Akayarudia maneno mara mbili kama anayekariri shairi la shule. Zile gozi mbili akaomba aondoke nazo.

Alirudi Kerege wiki tatu baadaye kwa teksi, amekaa wima kiti cha mbele kama dereva. Mabega yalikuwa sawa. Sketi ilikuwa imepanda juu ya magoti, na fundi cherehani alishapelekewa habari. Majirani walijaa wakitaka kuona kovu, wengine wanapapasa kwa vidole mpaka mama mtu akawafukuza. Tatu akanisimulia kwamba daktari wa usingizi, kijana, alilisikia lile swali, akacheka, akaenda kumwita mwenzake aje alisikie naye. Kisha kijana huyo akatoa mfukoni kiviringisho cha gozi kilichofungwa vizuri kuliko changu.

"Toa ulimi," nikamwambia.

Akatoa. Nikamgeuzia kwenye mwanga wa mlangoni, nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikainua mdomo wa juu, nikashusha wa chini. Ulimi mzima, wa waridi, wenye alama ya ukwaju. Ila kwenye kona ya mdomo, upande wa kushoto, palikuwa na kijidonda kinachokauka, pale plasta iliponyofoa ngozi.

Mama Tatu akasogea, akakitazama, akavuta midomo. "Hiki," akasema, "hawakukiandika kwenye fomu."